Gari wanaliona, jino hawalioni

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 37, nimeolewa na tuna watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilipandishwa cheo kazini nikawa mkuu wa kitengo. Nilifurahi, sikufichi. Lakini tangu hapo nimekuwa mtu wa kukimbilia kitu ambacho hata jina lake silijui.

Ilianza na gari. Hakuna aliyeniambia ninunue. Ila wakuu wenzangu wote wanaendesha, na mimi nilikuwa nashuka kwenye basi nikigongana mlangoni na watu ninaowasimamia. Nikakopa. Baadaye tukahamia nyumba kubwa zaidi, halafu watoto wakahamishiwa shule ya gharama. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, Mjomba. Ukinisikiliza nikizieleza moja moja utasema huyu ana akili timamu. Ukizijumlisha, zaidi ya nusu ya mshahara wangu inaondoka kabla sijaugusa. Mwaka jana nilichukua mkopo wa pili, wenye riba kali, ili kuziba pengo la ule wa kwanza. Mume wangu hajui. Anayejua ni mdogo wangu wa kike, na yeye aliona karatasi kwa bahati mbaya.

Gego la chini linaniuma kwa miezi sasa. Daktari wa meno alishasema linahitaji kutibiwa mzizi. Mimi nameza vidonge vya maumivu na kusubiri mwezi mzuri, na huo mwezi hauji. Gari halijawahi kukosa mafuta.

Zamani nilikuwa naimba kwaya, na wanakwaya ndio waliokuwa marafiki zangu hasa. Nimeacha kwenda. Tangu nipate cheo, kila ukitajwa mchango macho yote yananigeukia, nami sina, na sitaki wajue kwamba sina. Nikawa nasingizia kazi hadi wakaacha kuniuliza.

Kuna pia grupu la simu la niliosoma nao. Nalifungua asubuhi kabla sijanawa uso. Huyu kafungua ofisi, yule kasafiri, mwingine kahamia kwake. Sasa tunaandaa sherehe ya miaka 20 tangu tumalize shule. Kamati imepanga mchango mkubwa pamoja na sare, na watu wameshaanza kutangazwa, jina na kiasi. Nimeshajaza nusu ya fomu ya mkopo wa tatu.

Mdogo wangu aliniambia, "Dada, nguo ya kuazima haisitiri matako." Anasema nina tamaa. Rafiki yangu mmoja yeye anasema, "Achana na watu, ishi maisha yako." Nilijaribu. Nilijitoa kwenye grupu, nikajisikia kama nimefutwa duniani. Nikaomba kurudishwa, nikasema simu iliharibika.

Je, Mjomba, mimi nina tamaa? Au ni mdhaifu tu? Na nitajuaje kipi ni hitaji langu na kipi ni presha ya watu?

Wako,
Mkuu wa Kitengo

*

Marahaba, mpwa wangu.

Jino kwanza. Piga simu kwa daktari leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili ukipenda. Maambukizi ya mzizi wa jino hayaponi kwa kuvumiliwa, na vidonge vya maumivu vinanyamazisha kengele tu huku moto ukiendelea. Ukiona uso unavimba, homa inapanda au unashindwa kumeza, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Muulize daktari kama anakubali kulipwa kwa awamu; wapo wanaokubali.

Nimeanza na jino kwa sababu ndani yake mna nusu ya barua yako. Mtu anawezaje kuendesha maumivu yake barabarani kila siku ndani ya gari lililojaa mafuta? Mdogo wako angesema tamaa. Mimi nasema gego liko nyuma kabisa ya mdomo, na gari liko mbele ya ofisi.

Huenda umewahi kuonyeshwa, kwenye semina moja ya kazini, ile piramidi ya mahitaji ya binadamu. Chimbuko lake ni Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1943 kwamba mahitaji yana mpangilio: kwanza ya mwili, kama chakula na usingizi, halafu usalama, halafu kupendwa na kuwa na wenzako, halafu heshima, na mwisho kufikia kile ambacho mtu ana uwezo wa kuwa. Mchoro wa piramidi haumo kwenye makala yake ile, uliletwa na watu wa baadaye, na nadhani umetuharibia kidogo, maana unatufanya tuamini kwamba hakuna anayepanda ghorofa ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Maslow mwenyewe alionya kwamba mpangilio huo haukukazwa hivyo, na kwamba kuna watu ambao kwao heshima hutangulia hata mapenzi. Kabla yake, mwaka 1899, mchumi wa Marekani Thorstein Veblen alikuwa ameandika kuhusu matumizi ya kuonekana, akasema kwamba hata maskini kabisa huvumilia dhiki nyingi nyumbani kabla hajaachia kile kidogo cha mwisho anachokionyesha nje. Kwa hiyo wewe si kioja. Una wenzako wengi, na walikuwapo kabla bibi yako hajazaliwa.

Sasa swali lako la tamaa. Nimeisoma barua mara mbili nikiitafuta, sikuiona. Mwenye tamaa hufurahia anachokipata. Wewe hukuandika popote kwamba unalifurahia gari, au kwamba ile nyumba ina dirisha unalolipenda. Ulichoandika ni kwamba uliogopa kuonekana ukishuka kwenye basi. Hiyo ni hofu, na dawa ya hofu haifanani na dawa ya tamaa.

Wala udhaifu siuoni. Ulipojitoa kwenye grupu ukajisikia umefutwa, na naona unajionea aibu kwa hilo. Usijionee. Wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary waliandika mwaka 1995, baada ya kupitia tafiti nyingi za wenzao, kwamba kuwa na watu wako ni hitaji la msingi, si pambo la maisha. Na mwaka 2003 mwanasaikolojia Naomi Eisenberger na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Baada ya muda wachezaji wengine wakaacha kuwarushia. Eneo la ubongo linalohusika pia na karaha ya maumivu ya mwili likaamka. Mpira wenyewe ulikuwa wa kuchorwa, na hao wachezaji wengine hawakuwapo kabisa, ilikuwa kompyuta tu! Kama mtu anaumizwa na kutengwa na kompyuta, wewe uliyetengana na watu uliokua nao ulitegemea nini?

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako siupendi. "Achana na watu" ni rahisi kwa anayesema, kwa kuwa mara nyingi anausema akiwa amezungukwa na watu wake. Mtu ni watu. Ukijaribu kulikata hitaji hilo litarudi usiku na kukudai riba, kama lilivyofanya kwako.

Basi kosa liko wapi? Kulikuwa na mchumi wa Chile, Manfred Max-Neef, ambaye mawazo yake yamenisaidia kuliko ile piramidi. Alisema mahitaji ya binadamu ni machache, yanahesabika, na ni yaleyale kwa kila mtu na kila zama: kuishi, kulindwa, kupendwa, kuelewa, kushiriki, kupumzika, kuumba, kujitambua, kuwa huru. Kinachobadilika ni njia ya kuyatimiza, na njia hizo tunachaguliwa na jamii tunayoishi ndani yake. Akaongeza jambo ambalo wachumi wengi hulipita: zipo njia zinazokupa hisia tu kwamba umeshiba, na zipo zinazoliua hitaji lilelile zilizoitwa kulihudumia.

Rudi kwenye barua yako ukiwa na hilo kichwani. Ulinunua gari ili uhesabike miongoni mwa watu. Gari likaleta mkopo, mkopo ukakufanya usiwe na cha kuchangia, ukakimbia kwaya. Kwaya ndiko ulikokuwa unahesabika kweli, tena ulikuwa unahesabiwa kwa sauti yako. Hitaji lilikuwa halali. Njia imekugharimu kitu kilekile ulichokuwa unakitafuta. Hapa ndipo ningependa ukae kidogo kabla ya kuendelea.

Unauliza utajuaje kipi ni hitaji na kipi ni presha. Watu wengi watakupa jaribio hili: jiulize kama ungekitaka kitu hicho iwapo hakuna mtu ambaye angekijua. Ni jaribio zuri, na gari lako lingeanguka hapo mapema. Lakini halitoshi, maana heshima na upendo ni mambo yanayohitaji mtu mwingine ajue. Huwezi kupendwa kwa siri na asiyekujua. Kwa hiyo mimi naongeza la pili: "Watu" hao ni nani? Chukua karatasi uandike majina. Usiandike "wenzangu kazini", andika fulani na fulani. Halafu mbele ya kila jina andika alichokuambia, kwa maneno yake. Nahisi nafasi nyingi zitabaki tupu. Wewe mwenyewe umesema hakuna aliyekuambia ununue gari. Edward Deci na Richard Ryan, waliochunguza kwa miongo kadhaa kinachowasukuma watu, wameeleza vizuri hali hii: shinikizo huanzia nje, kisha mtu huliingiza ndani yake, akawa anajiamrisha, anajisuta na kujitisha kwa aibu, ingawa mwenye amri alishaondoka zamani au hakuwahi kuwapo. Kwa nje mtu huyo anaonekana anajituma sana. Kwa ndani anasukumwa.

Grupu la shule sasa. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba pale tusipokuwa na kipimo cha wazi cha kujipima, tunajipima kwa watu, hasa wanaofanana nasi. Na nani anafanana nawe kuliko aliyekaa dawati moja nawe, mwalimu mmoja, mtihani mmoja? Ndiyo maana tajiri mkubwa wa kwenye habari hakunyimi usingizi, ila aliyekuwa akinakili kazi zako anakunyima. Hata mwaliko hauhitajiki. Uholanzi kuna bahati nasibu inayochezeshwa kwa misimbo ya posta ya mitaa, na washindi wa mtaa uliochaguliwa walikuwa wakigawiwa fedha pamoja na gari jipya. Wachumi walipofuatilia matokeo yake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliona kwamba majirani wa washindi, ambao wao hawakupata kitu, nao walielekea zaidi kununua magari. Hakuna aliyewashika mkono kuwapeleka. Waliliona tu limeegeshwa nje.

Na mtaani kwenu limeegeshwa lako. Sikusuti, lakini yupo mtu anayelitazama asubuhi, na huenda naye anajaza fomu.

Tuje kwenye fomu yenyewe. Ichane. Najua wakati unaijaza ilionekana kama suluhisho. Mchumi Sendhil Mullainathan na mwanasaikolojia Eldar Shafir walieleza mwaka 2013 jinsi upungufu, wa fedha au wa muda, unavyoiteka akili: mtu anaona pengo la leo kwa ukali mno, na la mwezi ujao halioni kabisa, kwa hiyo anakopa ili alipe alichokopa. Hili linatokea hata kwa wenye akili nyingi. Wakati wa vita vya pili vya dunia mtaalamu wa lishe Ancel Keys alifanya jaribio Minnesota, Marekani, na vijana 36 wenye afya waliokubali kulishwa kidogo kwa miezi sita. Wakawa wanaongea chakula, wanakiota, wengine wakakusanya maelekezo ya mapishi huku mambo mengine yote yakiwachosha, hata wanawake. Wewe unaota marejesho. Katika hali hiyo usisaini chochote peke yako, na hasa usisaini usiku.

Tafuta mtu wa pili. Tayari unaye, tena ana ulimi mkali: mdogo wako. Anajua siri na bado anakuita dada. Mwambie aje mkae mezani muandike madeni yote, kiasi kilichobaki, riba, tarehe. Mkopo wenye riba kali ndio ubanwe kwanza, huku ule mwingine ukiomba upangiwe upya marejesho. Uliza bei ambayo gari lako lingeuzwa leo na deni lililobaki juu yake. Bei ikilimaliza deni, liuze. Isipolimaliza, usiuze kwa pupa, zungumza kwanza na waliokukopesha. Nyumba mtaifikiria mkataba utakapofika mwisho. Shule ya watoto naiacha kwenu, kwa sababu sijui. Inawezekana ni shule nzuri kweli, na si kila kitu cha gharama ni cha maonyesho.

Baada ya hapo, mumeo. Wiki hii, kabla ya sherehe, na karatasi ikiwa mkononi. Anza na namba, sababu zifuate: "Tunadaiwa kiasi hiki, mkopo wa pili nilikuficha." Akikasirika ana haki, usimkatize wala usianze kumkumbusha kwamba nyumba mliitaka wote. Jambo hilo lina siku yake. Inawezekana pia ukagundua kwamba naye anabeba kitu, maana nyumba kubwa huwa haimpi presha mtu mmoja tu.

Kuhusu mchango wa sherehe, kuna jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch la miaka ya 1950 ambalo nalikumbuka kila ninapoona orodha ya majina na kiasi. Aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi una urefu sawa na mwingine. Jibu lilikuwa wazi machoni. Ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa watoe jibu baya kwa sauti moja. Karibu theluthi ya majibu ya waliokuwa wakichunguzwa yalifuata kosa hilo, na watu watatu kati ya wanne waliyumba angalau mara moja. Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, kuyumba kukapungua sana. Mmoja. Katika grupu lenu, naweka dau kwamba wapo wanaosubiri mmoja huyo huku wakihesabu watakopa wapi.

Mwandikie mweka hazina faraghani. Usijieleze sana, maelezo marefu hunuka aibu. "Habari za kazi. Mimi nitatoa kiasi hiki, ndicho ninachoweza. Sare sitanunua. Naomba pia kamati ifikirie kuacha kutangaza viwango kwa majina." Kisha nenda kwenye sherehe. Sikukuambia usiende. Hao ni watu wako, na hitaji lako la kuwa nao nimeshasema ni halali. Grupu lenyewe usijitoe tena. Zima kengele yake, ulifungue jioni ukishakula.

Kwaya umeiacha kwa sababu ya michango, lakini sijaona mahali ulipowaambia huna. Walikuchukulia kuwa unacho kwa kuwa ndivyo ulivyojivika. Rudi siku ya mazoezi. Ukitajwa mchango useme "mwezi huu sina," basi, bila hadithi. Wawili watatu watashangaa. Mmoja pengine atanong'ona. Halafu mtapewa sauti ya kuanzia, nawe utatakiwa kuimba, kwa hiyo hakikisha jino limeshatibiwa.

Mjomba